Nani Ampe Jina Binti wa Msabila?

Hapo zamani, wala si zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, watu wana simu na sindano zinauzwa madukani, aliishi Urambo mwanaume mmoja akiitwa Msabila. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikifika kwenye swali sitaki kelele.

Msabila alikuwa mpakiaji katika ghala la tumbaku. Wenzake walibeba robota moja, furushi kubwa la tumbaku, wawili wawili. Yeye alibeba robota moja peke yake, na wanawake wakipita alitembea polepole ili waone vizuri. Alimwoa Kalunde, binti mrefu asiyesema sana, na mwaka wa kwanza wa ndoa yao haukuwa na neno.

Mwaka wa pili Msabila aliugua homa ya matumbo. Alipopona hakuwa yule. Robota lilimshinda, akawa mtu wa kulala mchana. Akaenda kwa Kapaya, tabibu mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Kapaya alimpima damu mara moja, mara moja tu, tena mtu ametoka kitandani wiki hiyo hiyo, akasema, "Homoni yako ya kiume iko chini. Nitakuchoma sindano ya homoni kila baada ya wiki tatu."

Kapaya hakuuliza, "Unataka mtoto?" Msabila hakusema, "Nataka mtoto." Kosa hilo gawaneni wenyewe.

Sindano zikafanya kazi. Nguvu zikarudi, zikapita pale zilipokuwa. Kifua kikajaa, ghalani akapewa uongozi wa genge la wapakiaji pamoja na filimbi yake. Mkewe alipomuuliza kila baada ya wiki tatu anakwenda wapi, alijibu, "Kupima presha."

Mwaka ukapita, mtoto hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Mama yake Msabila, Bi Nyamizi, akaanza kuhesabu miezi kwa sauti ili majirani wamsaidie kuhesabu. "Mwanangu mnamwona alivyo! Dume zima lile! Sasa tatizo liko kwa nani kama si kwa huyu?" Kalunde akanywa mizizi ya waganga watatu, akatapika mizizi ya waganga watatu. Msabila alisikia yote, akanyamaza. Hapo mimi simtetei.

Ikawa siku moja Kapaya akaitwa semina Tabora mjini. Huko bingwa mmoja akasimama kuzungumzia sindano za homoni, na Kapaya akaacha kuandika. Kesho yake hakufungua kliniki. Alipanda baiskeli mpaka kwa Msabila, akamkuta anakula viazi na mkewe. Alikuwapo pia Sizya, rafiki yake Msabila wa ghalani, aliyempitia waende kazini.

Kapaya hakuketi. Akasema, "Ndugu zangu, nimekosa. Mwili una mpishi wake. Ubongo unaagiza, korodani zinapika homoni, na jiko hilo hilo ndilo linalotengeneza mbegu za uzazi. Mimi, kwa sindano zangu, nikawa naleta chakula cha hotelini kila baada ya wiki tatu. Ubongo ukaona sufuria zimejaa, ukaacha kuagiza. Mpishi akazima moto, akalala."

Kalunde akauliza, "Sindano gani?"

Kisha Msabila akamweleza mkewe yote, macho yake yakiwa kwenye viazi.

Siku hiyo hiyo wakaenda kliniki wote wanne. Kapaya akapima mbegu, akatazama mara mbili, akaandika sifuri. Mwanaume anayebeba robota peke yake, sifuri.

"Nikiacha, ataamka lini huyo mpishi?" Msabila akauliza.

"Kwa wengine miezi sita. Wengine mwaka, hata miwili. Wengine haamki sawasawa, sikufichi. Na kabla hajaamka hutakuwa na cha hotelini wala cha nyumbani. Utachoka, utanuna, hamu ya mke itakwisha. Nitakuwa nakupima kila miezi mitatu."

Msabila akaogopa, na kwa hofu yake akaapa mbele ya hao watatu: "Naacha! Na atakayenifikisha kwa mtoto, huyo ndiye atakayempa jina. Hata mama yangu hatatia neno."

Basi akaacha.

Mwezi wa kwanza akasema, "Mbona niko sawa tu?" Dawa ilikuwa bado imo mwilini. Mwezi wa pili magoti yakalegea. Mwezi wa tatu Kapaya akapima damu: chini. Robota likamshinda, msimamizi akashika kalamu amfute kwenye genge. Sizya akasema, "Liache jina lake. Mzigo wake nitaubeba mimi." Akabeba wake, akabeba wa Msabila, kutwa, miezi tisa. Msimamizi akampa na filimbi ya uongozi. Sizya aliipuliza hata pasipo sababu.

Mwezi wa sita Kapaya akapima: chini. Nyumbani Msabila alilala amempa mkewe mgongo, na akiamshwa alifoka. Bi Nyamizi alikuja kila Jumapili kumwambia Kalunde, "Umeona? Umemmaliza mwanangu, sasa amekonda kwa mawazo." Kalunde alijua ukweli wote. Angefungua mdomo mara moja tu, matusi yangekwisha. Hakuufungua, maana mumewe alikuwa amemwomba.

Mwezi wa saba Msabila alikaa uani akalia kwa sababu kuku mmoja alikataa kuingia bandani. Mtu mzima, kifua kile, analia juu ya kuku. Kalunde alisimama mlangoni akatazama, akashindwa. Akaenda dukani, akanunua chupa ya dawa ile ile, akaiweka mezani. "Mume wangu, choma upumzike. Mtoto basi."

Msabila alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati Sizya alipoingia kumjulia hali. Sizya akaiona chupa, akaikwapua, akaimwaga chooni. Kalunde akamrushia mwiko.

"Shemeji, utanishukuru!"

"Sikushukuru mimi! Unamwona usiku wewe?"

Mwezi wa tisa Kapaya akapima: imepanda kidogo. Mwezi wa kumi na mbili akapima: imepanda vizuri, ya kwake mwenyewe, si ya chupa. Msabila akarudi ghalani. Mwezi wa kumi na tano Kapaya akatazama mbegu, akaita watu waje waone kwenye hadubini. Mwezi wa kumi na nane Kalunde akakataa chai asubuhi. Hamhitaji niwaeleze maana yake.

Akazaa binti.

Siku ya chanjo wakaenda naye wote kliniki ya watoto, Kapaya na Sizya wakiwamo. Kwenye kadi palikuwa pameandikwa "Mtoto wa Kalunde", na muuguzi alitaka jina. Bi Nyamizi, mjukuu mapajani, akasema kwa utulivu wa mtu mwenye haki yake, "Ataitwa Nyamizi, kama mimi. Ndiyo desturi yetu."

Msabila akasema, "Mama, niliapa." Akasimama mbele ya wanawake wote wa foleni akasema, "Na kuna jingine. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nachoma sindano, zikanizimia uzazi. Kalunde hakuwa na tatizo hata siku moja. Nilikusikia ukimtukana, nikanyamaza."

Bi Nyamizi alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Akamnyanyua mtoto kutoka mapajani kwake akamlaza mapajani kwa Kalunde. "Miaka yote hii nimemtukana mtoto wa watu," akasema. "Mimi sina jina la kutoa."

Kapaya akasogea. "Basi ni langu. Mimi ndiye niliyekuja kusema kweli. Ningenyamaza, nani angejua? Tangu nikiri, nusu ya wagonjwa wangu wamenikimbia. Bila neno langu angechoma mpaka leo. Ataitwa Milembe, jina la mama yangu."

"Ulimlaza mpishi mwenyewe, halafu unataka asante kwa kumwamsha!" akasema Sizya. "Jina ni langu. Nilibeba mizigo miwili miezi tisa, mgongo wangu huu hapa, shikeni. Na ile chupa ningeiacha mezani, mwezi wa saba ungerudi kuwa mwezi wa kwanza. Ataitwa Kabula, dada yangu aliyefariki."

"Na filimbi umemrudishia mwenyewe?" Kapaya akauliza.

Sizya akagusa mfuko wa shati.

Kalunde akasema bila kuondoa macho kwa mtoto, "Mmoja alitoa mdomo, mmoja alitoa mgongo. Mimi nilitukanwa kwa kosa lisilo langu. Nikaijua siri, nikaificha, nikaendelea kutukanwa. Nikalala na mtu aliyenipa mgongo mwaka mzima, sikurudi kwetu. Kisha nikamzaa huyu. Jina ninalo tangu nilipoolewa, na sijamtajia mtu."

Sizya akasema taratibu, "Lakini shemeji, chupa uliinunua wewe. Angechoma, huyu asingekuwapo."

Kalunde akamfunika mtoto vizuri. "Niliinunua kwa sababu nilimwonea huruma mume wangu. Kama huruma ni kosa, niandikieni kosa."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akadakia, "Na huyu baba mwenyewe je? Si ndiye aliyeteseka?"

"Mimi sidai," akasema Msabila. "Kiapo ni changu, kazi yangu ni kutimiza."

Muuguzi akagonga meza. "Baba Fulani, jina! Naandika kwa wino, na foleni ni ndefu."

Msabila akamtazama Kapaya, akamtazama Sizya, akamtazama Kalunde. Akafungua mdomo.

Mimi naufunga wangu hapo hapo. Kiapo mmekisikia: atakayemfikisha kwa mtoto. Yupo Kapaya, aliyemzimia jiko kisha akaja kukiri wakati hakuna aliyemuuliza. Yupo Sizya, aliyebeba mzigo na kumwaga chupa, na filimbi akabaki nayo. Yupo Kalunde, aliyevumilia na kuzaa, na chupa aliileta kwa mkono wake. Mtoto mmoja, kadi moja, nafasi ya jina moja.

Kalamu iko kwenu, nanyi mnaandika kwa wino. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?