Makumbi ya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa sawasawa?

Tumekaa!

Nani ana haraka?

Hakuna!

Vizuri. Aliye na haraka atoke sasa hivi akachote maji, maana hadithi hii ni ya watu waliosubiri. Na nikiwauliza, "Yameoza?" nyinyi mnijibu, "Bado." Tujaribu. Yameoza?

Bado!

Mtafika.

Hapo kale palikuwa na mji wa pwani unaitwa Mtapani. Ulikuwa na mfalme wake, si mbaya sana, si mwema sana, mfalme wa kawaida tu. Na ulikuwa na mwanamke mmoja msokota kamba, jina lake Bi Mize. Huyu ndiye mwenye hadithi.

Mnajua kamba ya makumbi inavyotengenezwa? Nyinyi wa siku hizi mnanunua dukani. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la pwani, pale maji yanapojaa na kupwa. Yanawekewa mawe juu, yanaachwa miezi sita mpaka yaoze. Kisha yanafukuliwa, yanapondwa kwa gongo, yanaoshwa, yanakuwa usumba. Usumba unasokotwa, ndiyo kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na shimo la mwenzio haliguswi. Mtapani mtu aliweza kukuibia kuku, aliweza kukuibia hata mume, lakini makumbi yako aliyapita mbali.

Sheria ya mji ilikuwa fupi. Aliyeua ananyongwa siku ya nne. Na kamba ya kunyongea ilikuwa na mila yake. Iwe mpya, haijafunga ng'ombe, haijafunga chombo cha baharini. Isokotwe na mwanamke wa ukoo wa Bi Mize, kwa makumbi ya shimo lake mwenyewe. Na yeye ndiye aende kumpima mfungwa shingo kwa uchane, kipande chembamba cha ukindu. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, naye akafanya hivyo. Akimaliza anapewa pishi ya mchele na doti ya kanga, anarudi zake nyumbani kupika.

Sasa sikilizeni mambo matatu.

La kwanza. Palikuwa na mchoma chokaa akiitwa Vuai. Aligombana na jirani yake Ngwali kwa ajili ya mbuzi aliyekula mchicha. Waligombana mbele ya watu, matusi ya kutosha. Kesho yake Ngwali hayupo. Wakatafuta, wakakuta kilemba chake kando ya tanuri la Vuai, kina damu. Mwili je? Watu wakasema mwili umechomwa pamoja na chokaa. Mashahidi watatu wakaapa, na sidhani kama walisema uongo. Walisema walichokiona, na mengine wakajaza wenyewe.

Bi Mize alikwenda na uchane wake kumpima. Vuai akakaa akanyoosha shingo kama mtu anayenyolewa.

"Bi Mize, mimi sikumuua Ngwali."

"Mimi ni msokota kamba tu, mwanangu. Hayo mwambie mfalme."

"Nimemwambia."

Bi Mize akafunga fundo mahali uchane ulipokutana, akaenda zake. Usumba ulikuwa tayari ndani. Siku ya nne Vuai akanyongwa.

Siku ya ishirini Ngwali akarudi. Ndiyo, Ngwali yule yule, ana kofia mpya na mke mpya kutoka ng'ambo. Alikuwa ameondoka kimyakimya kwa sababu mke mkubwa asingemruhusu. Na ile damu? Pua ilimtoka damu njiani, akakitupa kilemba. Basi. Pua.

 Mfalme alisikitika, kusema kweli alisikitika, akampelekea mjane wa Vuai ng'ombe na ndama wake. Yule mama akamtazama ng'ombe, akawauliza waliomleta, "Huyu nimwite Vuai?" 

Na Bi Mize? Ule mchele ulimshinda kula. Akauza usumba wake wote kwa wenye vyombo, hakubakisha hata wa kufungia kuni. Ule uchane wa shingo ya Vuai akautundika kwenye msumari ukutani. Kila akiamka anauona. Ni duara dogo tu, lakini ukilitazama unaona kabisa mtu hayupo ndani yake.

La pili. Waziri alikuwa na kijana wake, Shomari, mwenye jambia la mpini wa fedha alilorithi kwa babu yake. Ngoma ya harusi ikachezwa mchana kweupe, Shomari akagombana na mchukuzi mmoja, akamchoma. Mchukuzi akafa pale pale. Hapa hapakuhitajika shahidi, harusi nzima iliona. Mfalme akasema damu ya ujana inachemka, waziri akatoa ng'ombe kumi, mambo yakaisha. Bi Mize alikaa nyumbani siku nne akingojea kuitwa akapime shingo. Hakuitwa. Akalitia hilo moyoni.

La tatu. Wiki hiyo hiyo Bi Mize alifukia makumbi mapya. Kesho yake Mzee Silima, mwenye shamba la minazi, akakutwa amekufa chini ya mnazi, ana jeraha ubavuni. Shambani alikuwamo mkwezi mmoja tu, Mcha, mgeni, hana ndugu pale mjini. Ana panga. Na asubuhi walisikika wakibishana kuhusu mnazi wa kukwea. Kwa hiyo mambo yakawa rahisi, kama yanavyokuwa rahisi kwa mtu asiye na ndugu.

Mfalme akahukumu. Akamgeukia Bi Mize na kumwambia siku ya nne anataka kamba.

"Mfalme wangu, usumba sina," akasema Bi Mize. "Makumbi nimeyafukia juzi. Yanataka miezi sita."

Watu wakaguna. Shomari mwana wa waziri akasimama, akasema kwani kamba zimekwisha duniani, si ichukuliwe kamba ya chombo tu huyu mtu anyongwe mambo yaishe. Wenye vyombo wakaja juu. Nani ataingia baharini na kamba yenye nuksi ya namna hiyo? Wenye ng'ombe nao wakakataa. Shomari akasisitiza, akasisitiza tena. Mfalme akamwambia akae chini, mila ni mila. Mcha akafungwa, watu wangoje makumbi.

Bi Kazija, mjane wa Silima, alikwenda kwa Bi Mize siku hiyo hiyo. Hakupiga hodi.

"Mume wangu hakupewa miezi sita," akasema. "Hakupewa hata nafasi ya kunywa maji."

"Kweli, dada yangu."

"Basi huyu apewe kwa nini?"

 Bi Mize akamwonyesha uchane ukutani. "Kwa sababu Vuai nilimpima, na hakuwa ameua," akasema. Bi Kazija akautazama, akatoka, na hakuwa ameridhika. Nisiwadanganye hapo. Mwenye msiba wake haridhiki kwa kuonyeshwa msiba wa mwingine.

Mwezi wa kwanza Bi Mize akampelekea Mcha muhogo gerezani. Mcha akamuuliza, "Yameoza?"

Bado!

Mwezi wa tatu akampelekea samaki. "Yameoza?"

Bado!

Mwezi wa tano akampelekea wali. Mcha akauliza kabla hajagusa chakula. "Yameoza?"

Bado!

Kwa nje Bi Mize alijibu hivyo hivyo kama mlivyojibu nyinyi. Lakini moyoni alijua yamebaki majuma tu, na alikuwa hana ujanja mwingine. Hakuwa na shahidi, hakuwa na neno. Muda ndio aliokuwa nao, na muda ulikuwa unakwisha.

Mwezi wa sita ukatimia. Maji yalipokupwa, mfalme akashuka pwani na waziri wake na mji mzima, maana makumbi haya waliyangoja wote miezi sita. Bi Mize akaondoa mawe. Akaingiza mkono topeni, akatoa fungu la kwanza, limeoza vizuri. Akatoa la pili, limeoza vizuri. Akaingiza mkono mara ya tatu, akagusa kitu kigumu.

Akakitoa. Kilikuwa kimefungwa kitambaa. Akakifungua.

Jambia. Mpini wa fedha, umeingia weusi wa tope, lakini mpini ule Mtapani nani hakuujua? Shomari alikuwa amewaambia watu jambia lake limeibwa. Kumbe siku ile alipomuua Silima aliogopa kulitupa baharini, kwa sababu maji yakikupwa pale kila kitu kinaonekana. Akakuta shimo la makumbi limefukiwa jana tu, tope bado bichi, na shimo la mtu haliguswi na mtu. Akalitia humo, akisema atarudi kulichukua mambo yakipoa, fedha ile ilimwuma kuiacha. Alirudi mara tatu. Kila maji yakikupwa wanawake wamejaa pwani wanafukia na kufukua. Kazi ya watu hakuwahi kuijua, ndiyo iliyomponza.

Shomari akakaa topeni na kanzu yake nzuri. Akasema mwenyewe. Silima alimkuta akihamisha mawe ya mpaka wa shamba.

Mcha akafunguliwa. Akaomba panga lake, akapewa, akaondoka mji ule bila kumuaga mtu. Mimi simlaumu.

Je, hadithi imekwisha? Wako wanaoimalizia hapo, wakapiga makofi wakalala. Mimi nawaambia ndiyo kwanza inaanza.

Mfalme alikuwa amechomwa na aibu, na mfalme mwenye aibu ana haraka. Waziri akamwangukia miguuni akitaja ng'ombe ishirini, ng'ombe thelathini. Mfalme akasema safari hii hakuna cha ng'ombe, makumbi haya hapa yameoza, siku ya nne Shomari ananyongwa. Watu wakashangilia. Bi Kazija akalia kwa furaha, na alikuwa na haki yake. Wote wakamtazama Bi Mize.

Naye hakumpenda Shomari, nataka mjue. Alimchukia. Mkono wake wa tope ulitamani kuisokota kamba ile palepale.

"Mfalme wangu," akasema, "makumbi haya yamelala na jambia la damu. Si mapya tena."

"Basi fukia mengine. Lakini unapoteza muda wetu, Bi Mize. Huyu tunajua ameua."

"Hata Vuai tulijua."

 Mfalme akatazama bahari. Halafu akasema makumbi mengine yafukiwe, na wakati yakingojewa, Shomari awekwe chini ya ulinzi, aponde makumbi ya mji tangu jua linapochomoza mpaka linapozama.

Bi Mize akafukia makumbi mapya. Lakini hakuyafukia topeni. Aliyafukia juu, kwenye mchanga mkavu, mahali ambapo maji hayajafika tangu dunia iumbwe. Akapanga mawe vizuri, kama kawaida. Mfalme na waziri walisimama karibu wakatazama kila kitu, na hawakuona kitu, maana kumbi hawakuwahi kulishika. Wanawake wa Mtapani waliona wote. Wote wakainama na kazi zao.

Miezi sita ikapita, mfalme akatuma mtu. Yameoza?

Bado!

Mwaka ukapita, akatuma mtu. Yameoza?

Bado!

Miaka miwili ikapita. Shomari mikono imeota sugu, mgongo umeanza kupinda, kamba za vyombo vyote zinatoka kwenye gongo lake. Bi Kazija alipita pale kila siku kumtazama. Hakumsamehe, na hakuna aliyemwomba asamehe. Lakini alijua kila siku muuaji wa mumewe yuko wapi na anafanya nini.

Siku moja mfalme akachoka kutuma watu, akashuka pwani mwenyewe, peke yake. Akamkuta Bi Mize, akamwambia afukue. Bi Mize akasema, "Fukua wewe, bwana wangu. Mimi leo siwezi."

Mfalme akapiga magoti, akaondoa mawe, akachimba kwa mikono yake. Makumbi yakatoka makavu, mepesi, yanapeperuka vumbi, vilevile kama siku yalipotoka kwenye nazi. Akaelewa. Alikuwa mfalme wa kawaida, lakini mjinga hakuwa. Akainua macho, na uso wake haukuwa mzuri.

Bi Mize alikuwa ameshika ule uchane wa Vuai. Akampa. Na mfalme, sijui kwa nini, hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini, akauzungusha shingoni mwake. Fundo likakaa mahali pake. Ulimtosha kama uliokatwa kwa ajili yake.

 Kisha akauvua, akamrudishia kwa mikono miwili. Akayarudisha makumbi shimoni, akasukuma mchanga kwa mguu wake mwenyewe, akapanga jiwe moja moja. Akapanda mjini. Watu walikuwa wamejaa barazani wanamngoja, waziri yupo, Bi Kazija yupo, wakamuuliza kwa pamoja, "Mfalme, yameoza?"

Na mfalme akasema nini?

Bado!

Mfalme yule amekufa. Bi Mize amekufa. Shomari alikufa mzee, gongo mkononi. Makumbi yako pale pale, ukipita Mtapani utaonyeshwa mawe. Mimi niliyoyafukua ni haya tu, nimeyarudisha shimoni mwake. Na nyinyi mkiulizwa, mnajua la kujibu.

Yameoza?

Bado!