Lango la Nungunungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni motoni, wajukuu wangu. Zamani, ila si zamani sana, kwa kuwa wanyama walikwisha kuwa na simu, palikuwa na mchezo wa vita ulioitwa Ngome. Kila mnyama alijenga ngome yake ndani ya simu na kushambulia ngome za wenziwe. Mchezo wenyewe haukulala. Aliyelala, walio macho walimvamia.

"Sasa walilalaje, Babu?" akauliza Tunu.

Nguchiro alipiga hesabu. Yeye hulala usiku. Nungunungu, mwenziwe wa shimo moja, hulala mchana. Wakapeana neno la siri la kufungulia lango, kila mmoja alinde la mwenziwe. Jua lilipokuchwa, Nungunungu alisema, "Lala, ndugu yangu. Lango lako nimelishika." Kulipopambazuka, Nguchiro alisema, "Lala nawe, ndugu yangu. Lango lako nimelishika." Hakuna aliyewaweza.

Ndipo Fisi akamwandikia Nguchiro: "Nifungulie lango la huyo mwenye miiba, nawe utakuwa mfalme wa Ngome."

Nguchiro akapiga hesabu tena. Sheria za mchezo hazikukataza. Damu haimwagiki. Ufalme upo. Alfajiri Nungunungu akarudi amechoka, akajikunja, miiba ikalala.

"Lala nawe, ndugu yangu," akasema Nguchiro. "Lango lako nimelishika."

Nungunungu akalala. Nguchiro akafungua lango.

"Lakini ni mchezo tu," akasema Shauri. "Hata mimi ningefungua."

Subiri, mjukuu wangu. Jioni Nungunungu aliamka, akakuta ngome yake ni majivu.

"Ni mchezo tu, bwana," akasema Nguchiro.

"Ungemhadaa Fisi, ningecheka pamoja nawe," akajibu Nungunungu. "Adui hafumbi macho kwa neno lako. Ngome ilikuwa ya mchezo. Usingizi ulikuwa wangu."

Hakugombana. Alihama shimo.

Jua likachwa, Nguchiro, sasa mfalme wa Ngome, akasinzia. Akamwomba Bundi amshikie lango.

"Kama ulivyomshikia Nungunungu?" akauliza Bundi.

Akamwomba Popo.

"Kama ulivyomshikia Nungunungu?" akauliza Popo.

Akamwomba Fisi. Fisi hakuuliza kitu. Alijibu kwa upole, "Lala, ndugu yangu. Lango lako nimelishika."

Nguchiro aliposikia maneno yale, usingizi ukamruka. Ndiyo maana hata leo mtamwona akisimama kwa miguu ya nyuma, akigeuza shingo huku na huku, hata pasipo na adui.

Sheria za mchezo, wanangu, hukuonyesha unaloweza kutenda. Hazikuonyeshi nani atakuamini ukishatenda. Kumhadaa adui ni vita. Kumgeuka aliyelala kwa sababu ulimwambia alale ni khiana, na khiana haibaki ndani ya simu.

Shauri aliyatazama makaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Lala nawe, Shauri. Moto nimeushika.