Siku Aganze Alipoupandisha Mto Mlimani

Aganze alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ualimu mjini Bukavu. Somo lake lilikuwa jiografia, na alilijua kama anavyojua kiganja cha mkono wake. Wenzake walipokwama walimfuata hadi mtaa wa Kadutu, alikokaa kwa dada yake Elodie, fundi wa kushona, naye aliwaeleza milima na mito mpaka wakaelewa. Hata hivyo, kijana huyu alikuwa na adui mmoja, nako ni kusimama mbele ya watu. Mwaka uliotangulia ulimi wake uliganda alipokuwa akisoma kazi yake mbele ya wenzake, wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo aliiogopa chaki kama mbuzi aogopavyo chui.

Wakati wa staji, yaani mazoezi ya kufundisha, alipelekwa katika shule moja ya sekondari, chini ya Maman Adélaïde, mwalimu mpole mwenye subira ya kinyonga. Jumatatu Aganze alisema koo linamuuma. Siku iliyofuata alikuwa amesahau ramani. Baadaye akadai kwamba somo lake bado halijaiva, anataka kulipika vizuri zaidi.

"Nitafundisha kesho, Maman," alisema kila mara, akaketi nyuma na kuwatazama wanagenzi wenzake wakiingia na kutoka na alama zao.

Hatimaye Maman Adélaïde alimwita pembeni. "Mutoto yangu, hii kesho yako iko na mwisho? Profesa Jean-Baptiste wa chuo yenu anakuja kesho asubuhi kukusikiliza. Hakuna siku ingine. Usipofundisha, utarudia mwaka."

Jioni hiyo aliisogeza sahani mbali, ingawa Elodie alikuwa amekaanga sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu anavyovipenda. Alimwambia dada yake kwamba afadhali arudie mwaka kuliko kuaibika.

"Unaogopa nini kabisa?" Elodie aliuliza.

"Kama nitakosea mbele yao?"

"Na kama hautaingia, utakuwa haujakosea?" Elodie alisukuma cherehani yake kando. "Nguo yangu ya kwanza nilishonea Maman Georgette. Siku ya kuivaa, kichwa haikuingia. Alivuta, mimi nikavuta, mpaka tukaanguka juu ya kitanda sisi wawili tukicheka. Nikafungua shingo, nikashona tena. Mpaka leo iko mteja wangu. Kama ningeogopa, ningekuwa mpaka sasa ninatazama tu kitambaa."

Aganze alicheka bila kupenda. Kisha akavuta sahani.

Asubuhi aliingia darasani, moyo ukimdunda kama ngoma ya harusi. Profesa Jean-Baptiste, mzee mrefu asiyetabasamu ovyo, alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma karibu na Maman Adélaïde. Aganze alichora Ziwa Kivu, akachora Ziwa Tanganyika, akayaunganisha kwa mstari wa mto Ruzizi. Kwa Kifaransa chake safi cha vitabuni, lakini hofu ikiwa imemvuruga, akatangaza kwamba Ruzizi hutoka Tanganyika na kumimina maji yake katika Ziwa Kivu, na akauwekea mto huo mshale mnene unaoelekea juu.

Kicheko kikalipuka, kikazunguka kutoka dawati hadi dawati. Hakuna mtoto wa Bukavu asiyejua kwamba Ruzizi hutoka Ziwa Kivu hapo hapo mjini na kuteremka kwenda Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika.

Jasho lilimtoka Aganze. Aliutazama mlango, ambao ulikuwa wazi. Kisha akautazama ubao, akauona mshale wake ukipanda kwa ujasiri mkubwa, na kicheko kikamtoka yeye mwenyewe.

"Nimeupandisha mto mlimani," alisema kwa Kiswahili. "Nani atausaidia kushuka?"

Sasa walicheka pamoja naye. Aurore, msichana aliyezaliwa Sange, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, alikuja akafuta mshale na kuchora mwingine unaoelekea chini. Aganze alimshukuru, kisha akauliza, "Tunajuaje kwamba maji lazima yashuke upande huo? Nani amekwisha kusafiri mpaka Uvira?"

Mikono ilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Mmoja alisema masikio huziba njiani, gari linapoteremka. Mwingine alisema hapa Bukavu watu hupanda gari wamevaa masweta, wakifika uwandani wanayavua kwa joto. Aganze aliyapokea maneno yao moja moja na kuyaandika ubaoni, na kutokana nayo akajenga somo zima la miinuko, joto na mwendo wa maji. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama ulivyokuwa nyumbani kwa Elodie. Kengele ilipolia, hakuna aliyeinuka.

Profesa alimngoja mlangoni. "Kosa lako nimeliandika," alisema. "Nimeandika pia ulivyolitumia. Walimu wengi hufuta kosa kwa kiwiko, wakitumaini hakuna aliyeona. Wewe umefundisha. Umefaulu, na kwa alama nzuri."

Maman Adélaïde alimshika bega. "Na somo la pili, Aganze? Utafundisha kesho?"

"Maman, kama kuna darasa lisilo na mwalimu saa hii, ningependa kuingia sasa hivi."

Walimpa darasa jirani, akaingia mbio mbio kabla hawajabadili mawazo. Jioni Elodie alisikia habari yote, akacheka hadi akaacha kushona, akawaita majirani nao waje wasikie. Aganze aliwasimulia akiwa amesimama katikati yao, bila kutetemeka, na walipomcheka akaongeza chumvi ili wacheke zaidi. Alikuwa amekosea mbele ya watu wale wale aliowaogopa, na kutoka hapo hapo akawa mwalimu. Ama kweli, kuteleza si kuanguka.