Mkono wa Kushoto wa Bibi Harusi

Wewe uliyeegemea nguzo, usinikunjie mdomo kabla sijasema. Na wewe unayemnong'oneza mwenzio kwamba bibi leo tena kaja na hadithi zake, nong'ona vizuri, masikio yangu bado mazima. Juzi mlitumiana kwenye simu picha ya samaki mwenye uso wa mtu, mkaamini wote, mkasambaza na dua. Leo nawapa habari ya mwanamke na hina yake, jambo lililomo ndani ya nyumba zenu, ndiyo mnataka ushahidi. Huu ni mfano. Mfano hauulizwi kitambulisho. Kunjeni miguu, wenzenu wapate pa kukaa, mnisikilize.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mchora hina. Jina lake halitawasaidia kitu. Katika mji wao hakukuwa na mkono kama wake. Wengine wakichora ua, unaona ua limechorwa. Yeye akichora, ungesema tawi limeota lenyewe ndani ya ngozi, likatafuta njia mpaka kwenye kucha. Wanawake wa mji ule walimsifu kila alipopita. Walimsifu dukani, walimsifu msibani, na akirudi kwake anakuta jiko limelala baridi.

Maana kazi ya hina ina ugonjwa wake. Anayekuita si mgeni. Ni jirani, au mtoto wa jirani, au mtu mliyelala naye kwenye matanga ya mama yako. Bei utaitajaje? Ukiitaja, umekuwa mtu wa sokoni, huna haya. Usipoitaja, unarudi nyumbani na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na harufu ya udi kwenye nguo. Naye aliyekupangisha chumba hapokei pilau.

Ikafika pahala mwenye mgahawa wa pale stendi akamwita. Akamwambia, "Nataka mtu wa kuosha masufuria. Kila jioni unaondoka na ujira wako mkononi. Nijibu Alhamisi kabla ya magharibi. Usipokuja nampa mwingine, wapo wengi."

Kazi ile mnaijua. Majivu, sabuni ya magadi, waya wa kusugulia, maji ya moto tangu alfajiri. Haupiti muda vidole vinavimba, vinapasuka, na kidole kilichopasuka hakivuti mstari mwembamba. Mwanamke yule alijua kwamba akiingia kwenye masufuria, kwenye hina harudi.

Na Alhamisi hiyo hiyo alikuwa na bibi harusi wa kumchora. Akajiwekea nia kimya kimya: leo nikilipwa kama mtu anavyolipwa kwa kazi yake, nitakwenda stendi kumwambia yule bwana atafute mwingine. Nisipolipwa, nayachukua masufuria. Hakumwambia mtu.

Aliyekuja kumwita kwa shughuli ile alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa heshima zake, hakuna harusi wala hitima inayokwenda bila yeye. Alikaa kitandani kwa mchora hina, akamshika goti, akasema, "Mwanangu, mimi na wewe leo tuanze kutajiana bei? Wewe si wetu? Njoo utuchoree mtoto. Sinia litapita, utatunzwa."

Mchora hina akasema, "Haya, shangazi."

Hapo ndipo alipokosea, nami simtetei. Alilelewa vizuri, na malezi yale yale yakamfunga mdomo. Akachukua pesa yake ya mwisho akanunua unga wa hina, akauchekecha kwa kitambaa chepesi, akaukanda kwa ndimu na chai ya rangi, akaulaza mpaka ukatoa rangi. Akautia kwenye koni zake za kuchorea, akaenda.

Chumba kilikuwa kimejaa kama mlivyojaa nyinyi. Bibi harusi kakalishwa kwenye mto, binti mdogo mpole, anaogopa hata kukohoa. Mchora hina akaanza na mkono wa kulia. Alichora tangu watu wanatoka kuswali adhuhuri mpaka jua likaanza kuingilia dirisha la pili. Alipomaliza akaushika ule mkono kwa chini, akautazama. Alijua hajapata kuchora kama vile.

Vigelegele. Sinia likatolewa. Na utaratibu wa sinia mnaufahamu, mkono mmoja ukikamilika, sinia linapita kwa wanawake, kila mmoja anaweka alichojaliwa, nalo ni la aliyechora. Wakaweka. Wengine waliweka huku wanaangalia kama wanaonekana, lakini waliweka. Sinia likazunguka, likafika kwa shangazi. Shangazi akazikusanya noti, akazikunja, akazitia kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.

Mchora hina alikuwa ameshashika koni nyingine. Akauliza taratibu, "Shangazi, ile tunzo?"

"Imeshapata kazi, mwanangu. Watu wamezidi, mchele umepelea, nimtume mtu dukani sasa hivi. Wewe si mgeni hapa, unaiona hali."

"Mpishi kalipwa?"

"Mpishi kalipwa tangu juzi. Yule katoka mbali, hana haya, angetuachia moto unawaka akaenda zake."

"Na mpiga picha?"

"Yule bila arubuni hanyanyui mguu kwake."

"Na viti?"

"Alaa, viti si vya watu, mwaya?"

Mwanamke mmoja kule nyuma akasema, "Na hina je, si ya watu, ya majini?" Chumba kizima kikacheka. Shangazi naye akacheka, akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Hebu msinichafulie mtoto. Kipaji hiki kapewa bure na Mola wake. Atuuzie sisi cha Mungu?"

Mchora hina akamjibu kwa sauti ile ile, "Mpunga nao kauumba Mungu, shangazi. Huko dukani unakotuma mtu watakupa bure?"

Shangazi akabadilisha sauti, akaweka ile tamu, ile ya kumbembelezea mtoto anywe dawa. "Sahani yako nimekutengea, nyama tupu. Na kesho mji mzima utauliza nani kamchora huyu. Huoni jina lako linavyokwenda? Malizia, mwanangu, jua linatuacha."

Mchora hina akaitazama koni mkononi mwake. Akaiweka chini.

Ngojeni. Naona mnaguna na kutikisa vichwa, kila mmoja anasikitika. Mnamsikitikia nani? Na shangazi yule mnamwona nani, mwanamke wa mji mwingine? Tazamaneni. Yumo humu, na si mmoja. Ni sisi.

Ni sisi tunaomlipa mpishi kwa sababu tunamwogopa, tukamlipa mwenye viti kwa sababu hatumjui, kisha tukifika kwa anayetupamba, anayetuimbia, anayetutungia kaswida ya maulidi, tunamwambia wewe ni wetu. Kwani mtu akiwa wetu tumbo lake linapungua? Tunamwita wetu ili tumle. Mtu baki tunampa haki yake, wa kwetu tunampa sahani.

Agizo la Mtume, mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, mnalijua, watoto wenu wanalisoma madrasa kwa sauti. Au mnadhani lilikusudiwa wabeba zege peke yao? Aliyeinama mgongo mchana kutwa juu ya kiganja cha mtoto wako, yule hatoki jasho?

Na msiniambie kwamba hakutaja bei. Hakutaja kwa sababu mlimfundisha kuona aibu. Basi anayeita ndiye afungue mdomo kwanza. Unapokwenda kumwita mtu kwa kazi ya mkono wake, kabla hujakaa kitandani kwake, kabla hujamshika goti, muulize, "Bei yako ngapi?" Akikutajia, usijifanye umeshtuka. Kama huna, mwambie huna, naye ndiye aseme kama atakupa. Pengine atakupa. Watu wa kazi hizi wana mikono myepesi ya kutoa kuliko yetu. Lakini kutoa kwake kutoke kinywani mwake, kusitoke kinywani mwako.

Mnalalamika siku hizi mabibi harusi wanabandikwa hina ya karatasi, wananunua pakiti dukani, wanabandika kama stempu, ikibanduka wanabandika nyingine. Mnasema kazi za mikono zimekufa, watoto wa sasa hawataki kujifunza. Wajifunze wapate nini, nyama ya kwenye sahani? Mwenye kazi yake hakufa. Nendeni pale stendi asubuhi, pitieni uani. Mtamkuta ameinama kwenye sufuria la maharage, na jioni anaondoka na ujira wake mkononi. Vidole vyake msivitazame sana.

Sasa nimalizie, maana naona kuna anayetaka kujua alitokaje mle chumbani.

Alifuta koni zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Hakutukana. Bibi harusi akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sikujua."

Akamwambia, "Najua, mdogo wangu. Mkono huu wa kulia nimekupa mimi, ni zawadi yangu kwako. Usiutie maji mpaka kesho, utakolea. Huo wa kushoto ulikuwa wa kuuza."

Shangazi akasimama. "Utamwacha mtoto wa watu na mkono mmoja? Kesho tutamtoaje mbele za watu?"

"Mtoeni hivyo hivyo, shangazi. Mji utauliza nani kamchora, mtawajibu."

"Na sahani yako je?"

"Mpe mpiga picha."

Akanyanyuka. Akapita katikati ya magoti ya wanawake, anasema niwieni radhi, niwieni radhi, nao wanakunja miguu kumpisha, hakuna aliyemtazama usoni. Akavaa ndara zake kizingitini. Nje upepo wa alasiri ulikuwa unainua mchanga wa uani. Akaugeukia mlango, akauvuta taratibu mpaka ukafunga, vumbi lisije likashika kwenye ule mkono mbichi.