Bega la Mlima na Udongo wa Mkawasi

Nilikuwepo. Nalisema hilo mapema ili wenye midomo mirefu wakae chini. Siku Mwandoe anainua jiwe la Irindi, mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba jasho lake lilinidondokea mguuni, na kidole hiki mpaka leo hakioti ukucha. Unacheka, Mzee Righa, unasema hayo yalitokea kabla babu yangu hajazaliwa. Ni kweli. Mimi nilimtangulia babu yangu, nikaona, halafu nikarudi kungoja nizaliwe kwa utaratibu. Shuleni nilikaa mpaka darasa la tatu tu, mwalimu akaona nitaimaliza elimu yote na wenzangu watakosa.

Basi tulieni. Mfereji mmeshausafisha, na maji hayafunguliwi mpaka nimalize kusema, hiyo ndiyo desturi. Tena mwaka huu sina haraka, maana naona mmekaa makundi mawili, huku wa huyu na kule wa yule, hata ugali mmepika vyungu viwili.

Zama hizo mlima huu ulikuwa bado laini kama uji unaopoa, ukikanyaga unaacha shimo, na mabonde yote mnayoyaona ni nyayo za watu wa kwanza. Akazaliwa Mwandoe, mwana wa Kirumbi, mwana wa Shoro, yule Shoro aliyekuja kutoka jua linakozama akiwa amebeba chipukizi la mgomba kwapani na moto mdomoni. Mama yake alimbeba tumboni mpaka majirani wakachoka kuuliza, na siku alipotoka alitoka na meno, akaomba magimbi. Ndiye Mwandoe Bega la Mlima, Mwandoe Mla Chungu na Mafiga, Mwandoe aliyepiga chafya Irindi na mbuzi wakaokotwa nyikani. Ndiye aliyeuchimba mfereji huu kwa kisigino, akitembea kinyumenyume kutoka chemchemi mpaka chini kwenye mashamba, akiimba, na pale unapopinda ndipo alipogeuka kumwangalia msichana.

Akiisha kuuchimba akawapa watu lango la mawe, akawapa na zamu, leo ukoo huu, kesho ule. Akawapa na desturi ya shauri. Siku ya shauri la maji kila mtu alikuja na bonge la udongo mbichi mkononi. Ukikubali maneno ya mwenzako, unakwenda kuubandika udongo wako langoni kwa upande wake, na lango lilikaa vile udongo wa wengi ulivyolikalisha. Lakini udongo hukauka, na uliokauka haubandiki. Kwa hiyo ukitaka kumgeuza mtu ilikubidi uteke maji kwa kibuyu chako mwenyewe, umwendee pale alipokaa, umlowanishe mkono, ndipo useme. Hukutaka kumwendea, basi huna maneno naye.

Akaondoka kwenda kupigana na nyati wa nyikani, maana walikuwa wamemtukana. Alikaa huko miaka mingi, na mimi nilikuwa naye, nyati wa mwisho nilimshika mkia.

Huku nyuma kikaja kiangazi. Kiangazi kile kivuli cha mtu kilikuwa kinapasuka kikianguka chini. Watu wakaanza kuibiana zamu, wenye misuli wakifungua maji kwa nguvu, na wasio na mtu wa kuwasimamia wakibaki na vumbi. Ndipo akatokea Kigholo, mtu mwenye sauti nene na miguu myembamba, akasema, "Zamu ndizo zinazowagombanisha. Nipeni lango mimi peke yangu, nanyi mlale usingizi." Watu wa upande wa juu wakampa. Na sitamsingizia, jamani, msimu ule wa kwanza wezi aliwakomesha kweli, na mashamba ya juu yakanywa. Msimu wa pili akajenga kibanda juu ya lango. Wa tatu, aliyekohoa vibaya mbele ya kibanda hakupata maji, na upande wetu huu wa chini, tuliouliza maswali, tukawa tunalamba umande.

Mwandoe akarudi. Akakuta migomba ya chini imekuwa kuni. Akakuta pia kwamba anayemsifu Kigholo kuliko wote, anayempikia na kumkalia mlangoni, ni dada yake wa tumbo moja, Mkawasi, mjane, ambaye alimlea yeye Mwandoe mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa umebonyea kwa ule uzito.

Vijana wa chini wakasema wapigwe wote, Kigholo na wanaomshabikia. Bibi Wakesho, mkunga aliyempokea Mwandoe na kung'atwa kidole, akasema hapana. Kigholo ni mmoja, akasema, hata mimi nikimvizia vizuri namwangusha. Hao waliomzunguka ndio kazi. Chukua kibuyu, mjukuu wangu, uwaendee.

Akaenda. Niliona kwa macho yangu Bega la Mlima akipanda kilima na kibuyu kidogo kama mtu aliyebeba yai, na vijana nyuma yake wakicheka, wakisema nyati kamshinda, sasa anabembeleza wanawake. Alimkuta Mkawasi amekaa chini mbele ya lango na wenzake, udongo mikononi. Akamlowanisha mkono. Akamwambia huyu mtu anawala, mnamchekea.

Mkawasi akamtazama. "Kaka, mume wangu aliuawa pale kwenye kipindo, mfereji unapopinda, akilinda zamu yangu. Nikaja kwenye shauri, nikasema, hakuna aliyeinuka kunitazama. Nikakuita, ulikuwa kwa nyati. Kigholo ndiye aliyenipa maji. Wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo panaponiuma, kila mwaka nikifika hapa pananiuma. Mwandoe alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi, "Nilikosea, dada yangu," na lilishafika kwenye ulimi. Lakini alisikia wale vijana wanacheka kule chini, akalimeza. Badala yake akasema, "Mmekuwa mbuzi wa mtu. Mbuzi hasemeshwi, anaswagwa."

Mkawasi hakuinua sauti. Akafunga kiganja chake. "Udongo wangu bado mbichi," akasema. "Kesho uje tena, na uje na jibu."

Yeye akaona ametaniwa. Shujaa bwana! Jiwe analijua uzito wake, neno halijui.

Kesho yake alikuja bila kibuyu. Alimshika Kigholo kwa mguu mmoja akamrusha, na mimi nilimwona Kigholo akipita juu yetu akiwa bado anatoa amri, na nasema bado hajaanguka, siku za upepo husikika. Kazi hiyo haikumaliza hata pumzi moja. Lakini watu wa juu hawakuondoka langoni. Walikaa vilevile, wameshika udongo, wanamtazama. Angeweza kukaa nao. Kibuyu kilikuwa nyumbani, si mbali. Yeye akapanda mpaka chemchemi, akaling'oa jiwe la Irindi, jiwe ambalo hata mawingu hulizunguka, akaliinua mpaka mlima ukalia, akalitupa kwenye mkondo. Maji yakahama. Yakaruka lango, yakaruka mashamba yote ya juu, yakateremka moja kwa moja kwetu.

Tukashinda. Nami nilipiga vigelegele mpaka koo likavuja.

Migomba ya juu ikanyauka. Wenyewe wakaanza kuondoka, nyumba kwa nyumba, kuvuka ukingo wa mlima, machipukizi kichwani na kuku kwapani, bila kutukana mtu. Wa mwisho alikuwa Mkawasi. Hakubeba mzigo. Alikuwa amefunga kiganja.

Na siku hiyohiyo watu wa chini wakamwendea Mwandoe kwa ngoma. Wakasema zamu zilitugombanisha, shika maji wewe peke yako, nasi tulale usingizi. Wimbo ulikuwa uleule ambao watu wa juu walikuwa wakimwimbia Kigholo, wametoa jina lake wakatia la Mwandoe, hata pumzi wanavuta mahali palepale. Mwandoe akaitazama mikono yao. Hakuna aliyeshika udongo.

Nilimwona shujaa yule akikaa chini. Mlima ulitikisika, maana alikaa kwa uzito wake wote. Akasema neno moja la kuwaachia watu, akasema, "Yule niliyemrusha hakuwa na mizizi. Mizizi niliyoing'oa ni ya watu wangu." Akachukua kibuyu, akateka, akakataa kusindikizwa. Akapanda ukingoni akaita jina la dada yake, na Mkawasi akaitika kutoka ng'ambo, akasimama, akafungua kiganja, na udongo ulikuwa bado mbichi. Mwandoe akashuka upande ule. Hakuonekana tena. Jiwe lake lipo, mnalianikia mahindi. Matuta ya upande wa juu yapo, yamejengwa vizuri kuliko ya kwetu, na hakuna anayelima, na kila mwaka tukisafisha mfereji watu hatutoshi, tunachoka kabla ya kufika kwenye kipindo. Hiyo ndiyo alama aliyotuachia Bega la Mlima, ushindi usio na watu wa kuusafisha. Na ndiyo maana kabla ya kufungua maji mnamlowanisha mkono mtu ambaye hamkubaliani naye.

Sasa mbona mnakwenda kila mmoja kwa wa kundi lake? Mzee Righa, huyo ni shemeji yako, mmekubaliana tangu mmezaliwa. Vuka uende kule.

Subirini, kibuyu changu hakijajaa, na kuna jambo nataka kulisema kabla hamjafungua. Kuhusu nyati, mkia niliushika. Kigholo, mkitaka nitawapa hata siku atakayoanguka. Ila pale ukingoni, lile la Mkawasi kuitika, nimeliweka mimi. Aliyenisimulia hakuwa nalo. Mwandoe aliita mpaka sauti ikamwisha, na kule ng'ambo kulikuwa kimya. Alichokikuta ni bonge la udongo juu ya jiwe, limekauka, lina alama za vidole. Akalimwagia maji yote ya kibuyu na halikulainika.

Watoto huwa wananitazama nikifika pale, nami nashindwa. Miaka yote hii anayemwitikia ni mimi.