Sale la Mpaka

"Sale la mpaka halipandwi na mkono mmoja." Hivyo alisema mtangazaji redioni, nchi mbili jirani zilipopatana juu ya mpaka wao, nanyi mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Kaeni basi, na anayechambua maharage aendelee kuchambua. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku mlimani, palikuwa na nchi mbili ndogo, Usaro na Kirema, kila moja na Mangi wake wa kuitawala. Zilitenganishwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Wazee waliipanda mipakani, na jani lake likifungwa fundo lilitumika kuombea msamaha.

Mlinzi wa mpaka wa Usaro aliitwa Ndekirwa. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna, kwa maana katika zamu yake hakuna ng'ombe aliyewahi kuibwa. Mwaka mmoja mvua ikaporomosha udongo wa bonde na masale yote yakaenda na maji. Kwa desturi, shina jipya hushikwa na mtu wa huku na mtu wa kule, wakalifukia pamoja. Ndekirwa akaona huko ni kujishusha.

"Nchi inayojitawala haiombi ruhusa kwa jirani," akasema. Akapanda peke yake, pale pale yalipokuwa masale ya zamani. Hakuiba hata shubiri moja.

Kesho yake akayakuta yameng'olewa. Akapanda tena, yakang'olewa tena. Walinzi wa pande zote mbili wakaanza kuelekezeana mikuki, nyika wakaipa mgongo. Wezi wa mifugo wakapanda kutoka huko nyikani, wakaswaga ng'ombe wa Usaro na wa Kirema bila kubagua.

"Wakija tena, bonde hili tutalihama," Mangi wa Usaro akamwambia Ndekirwa.

Maneno hayo yalimchoma. Bonde lile ndiko walikozikwa babu zake. Akauweka mkuki chini, akafunga fundo jani la sale, akavuka mpaka mchana kweupe, watu wakimtazama.

Mashayo, mlinzi wa Kirema, akamsubiri mikono kiunoni. "Umekuja kunirudishia ardhi yangu?"

"Ardhi yako sikuigusa, Mzee Mashayo, na yangu sikupi. Nimekosa kwa kutokukuita tupande pamoja. Pokea jani."

Mashayo alilitazama lile jani, kisha akacheka. "Nilijua umepanda panapostahili, wewe mbishi. Niling'oa kwa sababu ulinifanya kama sipo. Hebu lete shina."

Wakalishika wawili, wakalifukia, wakalishindilia kwa miguu, kisha wakapanda hivyo hivyo mstari mzima.

Wezi waliporudi, pembe ya Usaro ililia, na ile ya Kirema ikaitikia kabla haijanyamaza. Vijana wa nchi mbili wakateremka bega kwa bega, kila mmoja upande wake wa masale, wakawatimua wezi mpaka nyikani. Hata ndama hakupotea.

Mangi akashuka bondeni kumpongeza mlinzi wake. "Leo umeilinda Usaro, Ndekirwa."

Ndekirwa alisimama kando ya sale, kifua mbele, na safari hii hakujivunia nafsi yake peke yake. Akamwonyesha Mashayo, aliyekuwa akifuta jasho upande wa pili.

"Usaro ni nzima, Mangi wangu, na haikupungua hata shubiri. Lakini sale la mpaka halipandwi na mkono mmoja."