Zipu ya Mgongoni

Mwalongo, tajiri wa Makambako, alikuwa na kabati zima la majaketi ya ngozi, na pikipiki hata kuiwasha hajui. Siku aliyosubiri wageni wa posa ya bintiye, alikuja Lutengano wa bodaboda, akikohoa kwa baridi ya barabarani, kumwomba moja.

"Chagua linalofaa pikipiki," Mwalongo akasema. "Ukipatia, ni lako. Ukikosea, utanibeba bure mpaka Krismasi."

Lutengano akayapapasa yote. "Hakuna, mkubwa. Upepo unapenya kwenye zipu."

"Mshamba wewe! Hili jeusi limetoka Italia!"

"Basi livae tuone. Ila sisi madereva tunageuza, zipu inakaa mgongoni."

Mwalongo, kwa ubishi, akaligeuza. Lutengano akamfungia zipu mpaka kisogoni.

"Haya, upepo upenye wapi hapa?" Mwalongo akafoka. "Hili ndilo la pikipiki!"

"Nimesikia, mkubwa." Akachukua helmeti yake, akatoka.

Honi zikalia getini. Mwalongo akapeleka mikono nyuma. Kwa unene wake, haikufika.

"We Lutengano! Wakwe hao! Rudi unifungue!"

Lutengano akachungulia mlangoni. "Nakuja, mkubwa. Nimeshachagua. Nachukua hilo ulilovaa."